Nani Atashika Ufunguo? Historia Fupi ya Maktaba za Shule



Mwaka huu kamati ilinipa kazi mbili. Ya kwanza ni ile niliyoizoea: kukagua mchanganuo wa gharama za maktaba tunayotaka kuijenga katika shule yetu ya sekondari ya kata kule milimani Upare. Ya pili ni kuandika kurasa hizi za historia katika kijitabu cha harambee. Nilidhani ni kazi mbili zisizohusiana. Nilipomaliza ya kwanza ndipo nikaona kwamba ya pili ndiyo maelezo yake.

Mchanganuo ulikuwa mzuri. Msingi, tofali, nondo, saruji, bati, madirisha, rafu za mbao, vitabu. Kila kitu na bei yake na profoma yake. Lakini kulikuwa na mistari mitatu niliyoitafuta nisiione: meza na viti vya kutosha, taa za jioni, na posho ya mtu atakayefungua mlango. Nilipouliza, mzee wetu mmoja ambaye sote tunamheshimu alinijibu kwa upole, "Mwanangu, tuanze na vitabu. Hayo mengine yatakuja."

Nimemwahidi mzee kwamba nitamjibu kwa maandishi, na ninamjibu kwa heshima zote.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1923 Idara ya Elimu ya Tanganyika ilianza kutoa gazeti la Mambo Leo. Ndilo gazeti ambalo baadaye mashairi ya Shaaban Robert yalisomwa humo kabla jina lake halijajulikana kila mahali. Nakala zilikuwa chache na waliojua kusoma walikuwa wachache zaidi. Kwa hiyo gazeti lilisomwa kwa sauti. Mmoja alisoma, wengine walisikiliza, wakabisha, wakamrudisha nyuma asome tena. Babu yangu mzaa baba hakukaa darasani hata siku moja, lakini alikuwa na maneno ya kigazeti mdomoni hadi anafariki, kwa sababu siku za gulio mwalimu mmoja wa shule ya misheni alikuwa akisoma chini ya mti na watu wakimzunguka. Kusoma peke yako kwenye kona, midomo imefungwa, ni mazoea tuliyoyapata baadaye sana, tena shuleni.

Mwaka 1948 ikaundwa East African Literature Bureau, makao yake Nairobi, kwa ajili ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Kazi yake ilikuwa kuchapisha vitabu na pia kuvifikisha kwa watu. Mahali pasipo na maktaba ilipeleka masanduku ya vitabu. Sanduku liliwekwa mahali, likakabidhiwa mtu wa kulitunza, na baada ya muda vitabu vilibadilishwa. Shirika hilohilo ndilo lililoandaa shindano la uandishi la mwaka 1957 na 1958 ambalo Muhammed Said Abdulla wa Unguja alilishinda kwa hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960. Wale wa rika la wazazi wangu wanamjua Bwana Msa kama jirani yao. Kitabu cha namna hiyo hakikai sandukuni. Unakisoma usiku, asubuhi unamtafuta mtu wa kubishana naye nani kaua.

Naomba tulitazame vizuri lile sanduku, maana ndilo babu wa maktaba zetu. Lilikuwa na sifa moja na udhaifu mmoja. Sifa yake ni kwamba lilifika. Udhaifu wake ni kwamba lilimtegemea kabisa yule aliyekabidhiwa. Akiwa mtu wa watu, sanduku lilikuwa baraza. Akiwa mwoga au mwenye shughuli nyingi, lilikuwa sanduku tu.

Mwaka 1960 S. W. Hockey, aliyekuwa akishughulikia maktaba katika shirika hilo, alitoa ripoti ya namna ya kuendeleza maktaba Afrika Mashariki. Ilipendekeza kila nchi iwe na huduma yake ya maktaba ya kitaifa. Tanganyika ilipitisha sheria yake mwaka 1963, Uganda na Kenya zikafuata. Tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu pale Dar es Salaam, na maktaba za mikoa zikaendelea kufunguliwa. Sheria ilibadilishwa mwaka 1975, na mpaka leo tunaye mrithi wake, Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Wengi wetu tuliokuja mjini kusoma tumewahi kupanda zile ngazi za Maktaba Kuu, wengine kwa ajili ya vitabu na wengine, tuseme ukweli, kwa ajili ya kivuli na marafiki. Sioni aibu katika hilo la pili. Nitalirudia.

Miaka ya sabini ndiyo iliyonifundisha zaidi nilipokuwa nikiandaa makala hii. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Wazee wanaikumbuka kwa sababu ya vyoo vilivyochimbwa, lakini mimi naitazama kwa jicho la usomaji. Watu wazima wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi kwa wiki kadhaa. Redio ilizungumza, kijitabu kikasomwa kwa sauti, kisha kikundi kikajadili na kuamua kitafanya nini. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo kabla ya kampeni kuanza. Ona hapo pesa na nguvu zilipelekwa wapi: hawakuchapisha vijitabu na kuviacha ofisini kwa mtendaji, walimwandaa mtu wa kukaa na wenzake.

Kisomo cha watu wazima nacho kilipanda sana miaka hiyo. Magazeti ya vijijini yakachapishwa na maktaba za vijiji zikaanzishwa ili waliojifunza kusoma wasisahau. Nyingi ya maktaba hizo hazikudumu. Sababu ziko nyingi, na hali mbaya ya uchumi iliyotukuta mwishoni mwa miaka ya sabini na miaka ya themanini ni kubwa kuliko zote: karatasi ilikuwa adimu, vitabu vipya havikuja, magari hayakuwa na mafuta. Lakini hata pale vitabu vilipobaki, mara nyingi vilibaki kwenye kabati la ofisi, na ofisi ilifungwa saa tisa na nusu alasiri, wakati mkulima ndiyo kwanza anarudi kutoka shamba na mwanafunzi anatoka darasani.

Sasa nije kwenye yaliyonikuta mwenyewe. Nilianza kidato cha kwanza miaka ya tisini katika shule ambayo sitaitaja. Ilikuwa na maktaba. Najua ilikuwa nayo kwa sababu mlangoni paliandikwa MAKTABA kwa rangi nyekundu, na chini yake, KIMYA. Katika miaka minne niliingia mara tatu, na mara mbili kati ya hizo tulipelekwa kufuta vumbi kwa sababu wakaguzi walikuwa wanakuja. Humo ndani mlikuwa na vitabu vingi vizuri vilivyoletwa kwa msaada kutoka nje. Kimoja kilieleza jinsi ya kuendesha gari kwenye barafu. Ufunguo ulikuwa kwa mwalimu mmoja, na mwalimu huyo tulimwona ni katili.

Nilikuwa mtu mzima, tayari mhasibu, nilipomwelewa. Vitabu vile viliandikwa kwenye leja ya stoo, kwa jina lake. Kitabu kikipotea, yeye ndiye anayeandika maelezo, na anaweza kudaiwa. Kitabu kisiposomwa na mtu yeyote kwa miaka kumi, hakuna fomu ya kujaza, hakuna mkaguzi atakayeuliza. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Ungefunga mlango, na hesabu zako zingekuwa safi. Hesabu safi kuliko zote nilizowahi kuona za maktaba ni za maktaba ambayo hakuna aliyeingia. Ninaisema hii kama mtu ambaye taaluma yake inahusika na lawama.

Kidato cha tano nilipelekwa shule nyingine, mchepuo wa uchumi, biashara na uhasibu. Maktaba yake ilikuwa chumba kimoja kilichokuwa stoo ya majembe, nusu ya ile ya kwanza, na vitabu vyake vilikuwa vimeshikwa mpaka kurasa zimelainika kama noti kuukuu. Katikati palikuwa na meza moja ndefu sana, iliyoungwa kwa meza mbili za bwalo. Mama aliyekitunza chumba hicho hakuwa mwalimu. Aliajiriwa na shule kama karani, akapewa maktaba kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine. Alikuwa akisuka vikapu akiwa amekaa mlangoni. Tulimwita Mama Maktaba.

Kitabu cha uhasibu cha Frank Wood, ambacho kila aliyesoma uhasibu nchi hii anakijua, kilikuwa kimoja tu. Sisi tulikuwa kumi na mmoja. Mama Maktaba alitunga sheria: kitabu hakitoki nje, na hakuna mtu kukaa nacho peke yake. Kwa hiyo kila jioni baada ya chakula tulikizunguka. Mmoja alisoma swali kwa sauti, wengine tukaandika, mizania isipolingana tukaanza kushutumiana. Nimejifunzia pale meza ile kwa nini akaunti ya mdaiwa inaandikwa kushoto, kwa kuelezwa na mwenzangu ambaye alikuwa amekielewa kitu hicho nusu saa kabla yangu. Upande wa pili wa meza walikaa wa mchepuo wa lugha wakigombana kuhusu Rosa Mistika ya Kezilahabi, kitabu ambacho wakati fulani kilizuiwa kutumika mashuleni na ndiyo maana kila mtu alitaka kukisoma. Siku ya Jumamosi mchana drafti ya vizibo iliruhusiwa kwenye kona, kwa sharti kwamba aliyefungwa anasoma ukurasa mmoja wa gazeti kwa sauti kabla hajacheza tena.

Palikuwa na kelele? Ndiyo, kiasi. Mama Maktaba alikuwa na kengele ndogo. Ikilia, kimya saa nzima, na hakuna aliyethubutu kukohoa. Ikilia tena, mnaongea. Sina ugomvi na kimya, ila kilikuwa na zamu yake kama kitu kingine chochote. Kule kwetu tunaielewa habari ya zamu. Maji ya ndiva hukusanywa usiku, asubuhi hufunguliwa, na kila mtu anajua siku ya shamba lake. Hakuna mzee aliyewahi kujisifu kwamba ndiva yake imejaa mwaka mzima na mahindi ya watu yamekauka.

Na palikuwa na jambo jingine ambalo wavulana hatukulisema kwa sauti. Mtoto mgeni, aliyetoka mbali, asiye na kundi bwenini, alikuwa na mahali pa kukaa bila kuulizwa anafanya nini hapo. Wasichana waliokuwa wakitaniwa darasani walikuja pale kwa sababu Mama Maktaba hakuruhusu utani huo. Mmoja wa wale kumi na mmoja alikuwa amekwisha kufunga sanduku lake arudi nyumbani kwa sababu ya ada. Habari hizo zilijulikana mezani, mchango ukaanza mezani, na mwalimu wa taaluma akazipata kutoka kwa Mama Maktaba. Alimaliza kidato cha sita. Leo ni mwalimu.

Kati ya wale kumi na mmoja, vitabu vya kuazima vilipotea viwili kwa miaka miwili. Najua kwa sababu nilikuwa ndiye ninayeandika daftari la kuazima, kazi yangu ya kwanza ya uhasibu, ambayo malipo yake yalikuwa kukaa karibu na taa.

Kuna mfano wa jirani ambao napenda wanachama waujue, kwa sababu ulianza na fedha kidogo kuliko tulizo nazo sisi. Kijiji cha Kitengesa kiko karibu na Masaka, Uganda. Mwaka 1999 walianza na sanduku la vitabu katika shule ya sekondari ya hapo kijijini, lile lile babu yetu. Halikufungiwa. Mwaka 2004 wakafungua jengo la maktaba pembeni ya shule, wakaweka umeme wa jua ili kusoma kuendelee giza likiingia. Kinachonivutia zaidi ni utaratibu wao wa wanafunzi watunzaji: baadhi ya wanafunzi wa shule hiyo hufanya kazi za maktaba kwa zamu na kwa malipo hayo hulipiwa ada. Kwa hiyo maktaba inapata mikono, mtoto anabaki shuleni, na wanafunzi wenzake wanaingia bila woga kwa sababu aliye mezani ni wa rika lao. Wanakijiji nao huingia. Haikuwa maktaba ya shule peke yake tena.

Kenya nako, mwaka 1996, Huduma ya Maktaba ya Taifa ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia huko Garissa, kwa jamii za wafugaji. Watu wengi hupenda picha ya ngamia. Mimi nikiitazama picha ile namwona mtu aliyeshika kamba.

Hapa nyumbani tumekuwa na juhudi zetu. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991, ulisaidia wachapishaji kwa kununua sehemu kubwa ya nakala za kila kitabu kilichokubaliwa na kuzipeleka mashuleni, na ndiyo sababu watoto wa leo wana hadithi za Kiswahili zenye watu na vyakula wanavyovijua. Bagamoyo kuna chuo cha ukutubi na uhifadhi wa nyaraka tangu 1989, kwa hiyo siyo kweli kwamba hakuna vijana waliosomea kazi hii. Wapo, na wengine wanauza vocha.

Kisha zikaja shule za kata. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulianza mwaka 2004, na katika miaka michache iliyofuata sekondari ziliota kila kata. Yetu tuliijenga kwa msaragambo. Kina mama walibeba mchanga kutoka mtoni, na wanachama wa mjini tukatuma bati. Tulikuwa na haraka, na haraka ile ilikuwa na haki, watoto walikuwa wanabaki nyumbani. Madarasa kwanza, kisha vyoo, kisha nyumba ya mwalimu, kisha maabara. Maktaba ikasubiri. Imesubiri muda mrefu kiasi kwamba sasa tunaiona kama jengo la mwisho la kukamilisha orodha, na hapo ndipo hofu yangu ilipo, kwa sababu jengo la kukamilisha orodha hufunguliwa siku ya uzinduzi na siku ya wakaguzi.

Mwezi wa saba nilikwenda nyumbani kwa msiba, nikapita shuleni. Saa kumi na moja jioni nilikuta wanafunzi kama ishirini wamekaa kwenye kibaraza cha darasa la kidato cha nne, wengi wao wanaishi mbali na wanasubiri wenzao washuke pamoja. Walikuwa na kitabu kimoja cha fizikia na simu moja ya mwalimu wakiitumia kama tochi. Walikuwa wanabishana. Hiyo ndiyo maktaba yetu, tayari inafanya kazi, ila haina paa wala meza.

Kwa hiyo nimependekeza kwa kamati mabadiliko haya, na kamati imekubali yaletwe mbele yenu.

Rafu zipungue. Tulipanga kuzungusha kuta zote nne. Mbili zinatosha kwa vitabu tutakavyovimudu kwa miaka mitano ya mwanzo. Fedha inayobaki inunue meza ndefu, siyo madawati ya mtu mmoja mmoja, na mafundi wa kwetu wazitengeneze. Sola ya taa iwekwe kabla ya vigae. Vigae vinaweza kusubiri, sakafu ya saruji haijawahi kumzuia mtu kusoma.

Aajiriwe mtu mmoja kwa mkataba, anayelipwa na chama kwa miaka miwili wakati tunaendelea kuiomba halmashauri imchukue, na saa zake za kazi ziwe mchana hadi usiku. Wanafunzi wanne wamsaidie kwa zamu. Ada tunashukuru haipo tangu 2016, lakini chakula cha mchana na sare bado ni mzigo kwa nyumba nyingi, basi hao wanne walipiwe hivyo.

Na jambo la nne, ambalo nimelipigania zaidi kwa sababu ni la kihasibu na hakuna mwingine angelileta. Nimeweka mstari wa uchakavu na upotevu wa vitabu. Kila mwaka tutatenga fedha kwa kudhani kwamba baadhi ya vitabu vitachanika, vitalowa mvua, na vingine vitakwenda na visirudi. Gari tunalitengea matairi, hakuna anayemwita dereva mwizi kwa sababu tairi limeisha. Mtunza maktaba wetu hatadaiwa kitabu kilichochakaa kwa kusomwa. Badala yake, katika taarifa ya kila robo mwaka nitataka kuona namba mbili kutoka kwake: vitabu vilivyoazimwa, na wanafunzi walioingia. Robo ikipita bila kitabu hata kimoja kupotea wala kuchanika, nitakwenda mwenyewe kuona kama mlango unafunguliwa.

Mzee wangu nimemsomea rasimu hii kwa simu. Alicheka lile la gari kwenye barafu, akakaa kimya kidogo, kisha akaniuliza, "Na huyo mtu wenu atakaa mlangoni mpaka saa ngapi?" Nikamwambia saa tatu usiku. Akasema basi tuongeze na taa ya nje, watoto wasiteremke gizani. Taa hiyo imeingia kwenye mchanganuo.

Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho. Ina mistari mitano: jengo, meza na viti, sola na taa, vitabu, na posho ya mtunza maktaba pamoja na wasaidizi wake. Mnaweza kuchagua mstari mmoja au zaidi, na stakabadhi itatolewa kwa kila mstari peke yake. Uzoefu wangu wa harambee ni kwamba jengo huwa halikosi wafadhili, kwa sababu jengo huwekwa kibao chenye majina. Mstari wa tano hauna kibao. Mimi na mke wangu tumeandika majina yetu hapo, posho ya miezi mitatu.